Kocha Aliyefaulu Tutamjuaje?

Hotuba kwa wazazi wazungumzao Kiswahili, Columbus, Ohio, kiangazi cha 2025

Shikamooni wazazi. Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ndugu zangu wa Bukavu na Uvira, jambo sana. Ahsanteni kwa chai na maandazi. Nimeonywa kwamba kuna biriani jikoni na kwamba mtu mwenye busara hasimami kati ya watu na biriani yao, kwa hiyo naingia kwenye mada moja kwa moja.

Vijana wetu wamekua. Mabega yamepanuka, viatu vimefika namba ambazo madukani hazipatikani, na makocha wa vyuo wameanza kupiga hodi. Wanakuja na fulana zenye nembo, wanaketi sebuleni, wanakula sambusa mbili tatu, wanamsifu mama kwa mapishi, kisha wanamwahidi mtoto mbingu na ardhi. Baba yuko kimya. Anaitazama saa ya kocha, anachungulia dirishani kuona gari alilokuja nalo, anasema moyoni: huyu ametoka, na mwanangu akimfuata atatoka pia. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii, wazazi wangu, hata kizuri hujitembeza, kwa hiyo methali haitatusaidia. Itabidi tutafute njia nyingine ya kuwapima.

Mimi si kocha. Nafundisha hisabati sekondari hapa mjini, na wengi wa wanafunzi wangu wamecheza futiboli, hii ya Kimarekani ya kofia ngumu na mpira mfano wa yai. Nimeandika barua nyingi za kuwaombea nafasi vyuoni na nimewaona wakirudi, wengine wakiwa na shahada, wengine wakiwa na goti bovu tu. Kwa hiyo ninachosema leo ni maneno ya mtu anayekaa pembeni na kuhesabu.

Tuanze hapa hapa mjini. Mtu anayeitwa John Cooper aliifundisha timu ya chuo chetu, Ohio State, kuanzia 1988 hadi msimu wa 2000. Alishinda mechi 111, akashindwa 43, akatoka sare 4. Fanyeni hesabu: ni ushindi saba katika kila mechi kumi, kwa miaka kumi na mitatu. Nani kati yetu hufaulu mara saba kwa kumi kazini kwake? Lakini Cooper alikuwa na ugonjwa mmoja, nao unaitwa Michigan, chuo cha jimbo la jirani na hasimu wetu mkubwa. Dhidi ya Michigan alicheza mara 13, akashinda 2, akatoka sare 1, akafungwa 10.

Mwaka 1995 ndio uliouma zaidi. Ohio State ilikwenda Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan, ikiwa imeshinda mechi zote 11 za msimu. Upande wa pili kulikuwa na kijana aitwaye Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekulia Montréal kule Kanada. Siku ile alikimbia na mpira yadi 313. Kwa vipimo vyetu ni mita 286 hivi, akiwa amebeba mpira huku watu wa kilo mia na zaidi wakijaribu kumwangusha. Michigan ikashinda 31 kwa 23. Wazee wa Kongo, nawaona mnatabasamu. Tabasamuni taratibu, kuna majirani humu ambao hawajasamehe. Cooper alitimuliwa Januari 2001. Miaka saba baadaye, 2008, alichaguliwa kuingia kwenye jumba la heshima la futiboli ya vyuo, mahali wanapowekwa magwiji.

Basi niambieni, alifaulu au alifeli? Takwimu ni zile zile. Hakushinda hata mechi moja kati ya 2001 na 2008. Kilichobadilika ni nani anayeshika kalamu nyekundu. Kazi hii ni mtihani mmoja wenye wasahihishaji wengi, na kila mmoja ana majibu yake. Wahitimu wa zamani wenye fedha wanasahihisha kwa swali moja tu: umemfunga jirani? Uongozi wa chuo unasahihisha kwa tiketi, kwa televisheni, na kwa aibu ambazo hazikufika magazetini. Waandishi wanahesabu makombe. Wachezaji nao wanasahihisha, lakini majibu yao huja miaka ishirini baadaye, wakati matokeo yameshabandikwa ukutani na watu wameshakwenda nyumbani.

Mnakumbuka Novemba ya 2024. Ryan Day, kocha wetu wa sasa, alikuwa ameshinda mechi 66 na kushindwa 9 tu tangu aanze. Novemba 30 akafungwa na Michigan 13 kwa 10, hapa hapa nyumbani, mwaka wa nne mfululizo. Jioni ile nilipita kituo cha mafuta nikasikia watu wazima wakidai afukuzwe kabla ya usiku. Haikufika miezi miwili: akazifunga Tennessee, Oregon na Texas, na Januari 20 huko Atlanta akaifunga Notre Dame 34 kwa 23, akawa bingwa wa taifa. Watu wale wale, kituo kile kile, sasa wanataka ajengewe sanamu. Mtu hawezi kuwa mjinga Novemba na fundi Januari. Na tazameni upande wa pili wa uwanja: kocha wa Notre Dame ni Marcus Freeman, kijana wa Ohio hii hii, aliyeichezea Ohio State, na kocha mkuu mweusi wa kwanza kufika kwenye fainali hiyo. Alifungwa. Nani atasema amefeli?

Sasa fedha, kwa sababu najua ndizo mnazozisubiri. Katika majimbo mengi ya nchi hii, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote ni kocha, wa futiboli au wa mpira wa kikapu. Gavana hamkaribii. Lakini mshahara wa kocha haupimi alichofanya. Unapima hofu ya waajiri wake siku walipotia saini. Jimbo Fisher alikuwa ametwaa ubingwa akiwa Florida State msimu wa 2013. Texas A&M wakamchukua kwa mkataba mnono, wakauongeza wakiogopa ataondoka, kisha Novemba 2023 wakamwondoa, na bei ya kumwambia kwaheri ilikuwa zaidi ya dola milioni 75. Alilipwa ili asifanye kazi. Ed Orgeron wa LSU, chuo cha Louisiana, alishinda mechi zote 15 za msimu wake mkubwa, akanyanyua kombe Januari 2020. Oktoba 2021 chuo kikatangaza kuachana naye. Kwa hiyo mzazi unapoona saa ya dhahabu kwenye mkono wa kocha, ujue umeona mkataba. Tabia yake bado hujaiona.

Naomba sasa niseme jambo zito, na nitalisema polepole kwa sababu kuna watoto humu.

Penn State iko jimbo la jirani, Pennsylvania. Joe Paterno aliifundisha kuanzia 1966. Alikuwa mfano wa kila kitu ambacho mzazi angependa: miwani mizito, suruali iliyokunjwa chini, vijana wake walisoma kweli, yeye na mkewe walichangia fedha za maktaba ya chuo. Oktoba 29, 2011, alishinda mechi ya 409, akampita Eddie Robinson, ambaye nitamrudia. Siku kumi na moja baadaye chuo kilimfuta kazi. Aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi, Jerry Sandusky, alikuwa amekamatwa kwa kuwadhulumu watoto wa kiume, na Juni 2012 mahakama ilimtia hatiani kwa makosa 45. Mwaka 2001 msaidizi mmoja kijana alimwendea Paterno akamweleza alichokiona kwenye bafu la wachezaji. Paterno akaifikisha habari kwa wakubwa wake. Basi. Akarudi kufundisha, na miaka kumi ikapita.

Paterno alifariki Januari 2012. Julai mwaka huo sanamu yake iliondolewa, na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikafuta ushindi wake 111 wa kuanzia 1998. Januari 2015 ushindi huo ukarudishwa. Mimi kama mtu wa hesabu nililitazama jambo hili nikashindwa kulala. Ushindi 111, idadi ile ile ya Cooper hapa Ohio State, unafutwa kwa kalamu, halafu unarudishwa kwa kalamu, na kwa wale watoto hakuna kilichobadilika siku ile wala ile. Kama idadi ya ushindi inaweza kwenda na kurudi hivyo bila kugusa jambo lililo kubwa kuliko yote, basi hatuwezi kuikabidhi kazi ya kutuambia nani amefaulu. Na msiniambie ni Penn State peke yake. Barabara ile inayopita kando ya uwanja wetu inaitwa jina la Woody Hayes, kocha wa zamani wa Ohio State, bingwa wa taifa mara tano, ushindi 205 hapa. Hayes alifutwa kazi Desemba 1978 baada ya kumpiga ngumi mchezaji wa chuo cha Clemson mbele ya kamera za televisheni. Mtu huyo huyo aliwasumbua wachezaji wake wamalize shahada hata baada ya kuondoka chuoni. Tunapita barabara ile kila siku na yote mawili ni kweli.

Turudi kwa Eddie Robinson, na hapa mniruhusu nikae kidogo.

Alizaliwa 1919 huko Louisiana. Baba yake alilima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno, mama yake alifanya kazi za nyumbani za watu. Mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 22, alipewa timu ya chuo kidogo cha watu weusi ambacho leo kinaitwa Grambling State. Mwaka wa kwanza alishinda mechi 3 akafungwa 5. Mwaka wa pili alishinda zote 9 na hakuna timu iliyopata hata pointi moja dhidi yake. Kisha vita ikachukua vijana, timu ikasimama misimu miwili, ikaanza tena. Alikaa pale hadi 1997. Chuo kimoja. Alipenda kujisifu kwamba maisha yake yote amekuwa na kazi moja na mke mmoja, mama Doris.

Hakuwa na jeshi la wasaidizi kama hawa wa leo wenye mtu wa lishe, mtu wa video na mtu wa kuandika mitandaoni. Alichora mistari ya uwanja mwenyewe, alifunga bandeji vifundo vya miguu, aliandika habari za mechi na kuzipeleka magazetini. Timu ilipopanda basi kwenda kucheza, alitayarisha mikate ya kula njiani, kwa sababu migahawa ya Kusini wakati ule haikuwa ikiwahudumia watu weusi. Asubuhi alipita bwenini na kengele akiwaamsha vijana waende darasani. Mama zangu, mnamwelewa mtu huyu bila maelezo yangu.

Aliondoka na ushindi 408. Mwaka 1985 alimpita Bear Bryant wa Alabama, aliyekuwa na 323 na ambaye Kusini nzima ilimwona kama nabii. Lakini kumbukeni jambo moja kabla hatujawalinganisha. Alabama haikumchezesha mchezaji mweusi hadi 1971. Vipaji vilivyokataliwa na vyuo vile vikubwa vilikwenda kwa kina Robinson. Mwaka 1949 mmoja wa vijana wake, Tank Younger, alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha watu weusi kuingia NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa. Zaidi ya 200 walimfuata. Januari 1988 Doug Williams, kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, aliyepikwa Grambling, alikuwa mweusi wa kwanza katika nafasi ile kushinda Super Bowl, fainali ya NFL, na alichaguliwa mchezaji bora wa mechi. Wakati huo kulikuwa bado na watu wenye shahada kubwa waliodai kwamba mtu mweusi hana akili ya kuongoza timu kutoka nafasi hiyo.

Na mwisho wake? Haukuwa mzuri. Misimu mitatu ya mwisho Grambling ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Mwaka 1996 wakubwa wa chuo walitaka aondoke. Watu wakapiga kelele, akaongezewa msimu mmoja, nao akaumaliza kwa ushindi 3 na vipigo 8. Angekuwa kocha wa miaka hiyo mitatu tu, leo nisingelijua jina lake. Aliyeshika timu baada yake, 1998, ni Doug Williams mwenyewe. Huo ndio usahihishaji ninaouzungumzia: mchezaji wako, akiwa na pete ya ubingwa wa dunia kidoleni na milango yote wazi, anarudi kwenye mji mdogo wa Louisiana kushika filimbi uliyoiacha.

Kuna dhana nyingine inayotupotosha, hasa sisi tuliohama. Sisi tunaamini maisha ni kupanda. Umetoka kijijini ukaenda mjini, ukatoka mjini ukaja Marekani, kwa hiyo kocha wa chuo kidogo ni kocha ambaye hajafika. Endesheni gari saa mbili na kitu kuelekea kaskazini mashariki, mtafika Alliance, mji ambao wengi wenu hamjawahi kuusikia. Kuna chuo hapo kinaitwa Mount Union. Larry Kehres alifundisha timu yake misimu 27, kuanzia 1986 hadi 2012. Ushindi 332. Vipigo 24. Sare 3. Ubingwa wa taifa wa Daraja la Tatu mara 11. Nimeipiga hesabu hiyo ubaoni mbele ya wanafunzi na wakadhani nimekosea kuandika. Hakuna kocha mkuu wa muda mrefu katika futiboli ya vyuo mwenye uwiano kama huo.

Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, hata senti. Vijana wale wanacheza wakijua hakuna anayewalipia. Kati yao alikuwamo Nick Sirianni, ambaye Februari 2025 aliiongoza Philadelphia Eagles kutwaa Super Bowl akiwa kocha mkuu. Alikuwamo Matt Campbell, aliyeifufua Iowa State. Kehres mwenyewe alibaki Alliance. Sijui mshahara wake ulikuwa kiasi gani na sina haja ya kujua.

John Gagliardi ni ndugu yake wa aina hiyo. Alianza kufundisha akiwa na miaka 16, kwa sababu kocha wa shule yake huko Colorado aliitwa vitani. Kisha alikaa chuo cha St. John's, Minnesota, kuanzia 1953 hadi 2012. Ushindi wake wote wa vyuoni ni 489, na hakuna aliyewahi kufika hapo katika daraja lolote. Wachezaji walimwita John, hivyo tu, jambo ambalo kwetu lingehesabika utovu wa adabu. Hakupuliza filimbi. Na mazoezini alikataza kuangushana. Makocha wengine walidhani ni kichekesho: utafundishaje mchezo wa kugongana bila kugongana? Akawafunga miaka sitini.

Kukataza kugongana si jambo dogo kwa mzazi. Leo tunajua zaidi juu ya kichwa kinachopigwa mara elfu kuliko walivyojua wazee wale. Buddy Teevens alikuwa kwotabeki wa chuo cha Dartmouth, baadaye akawa kocha. Alijaribu Stanford, akafutwa kazi baada ya misimu mitatu ya vipigo. Akarudi Dartmouth, na 2008 akafungwa mechi zote 10. Kwa kipimo cha kituo cha mafuta, huyo amekwisha. Mwaka 2010, badala ya kuwabana vijana zaidi, akapiga marufuku kuangushana mazoezini. Wahandisi wa chuo wakamtengenezea roboti linalokimbia uwanjani ili vijana waliangushe hilo badala ya kuangushana wenyewe. Dartmouth ikaanza kushinda, ikatwaa ubingwa wa ligi yake 2015, ukafuata 2019 na 2021. Mwaka 2016 makocha wote wa ligi ile walikubaliana kuondoa kuangushana katika mazoezi ya msimu. Teevens alifariki Septemba 2023. Hakufika fainali yoyote ya taifa. Kama kuna kocha ambaye kazi yake imepunguza maumivu katika vichwa vya watoto wa watu wengine, wasiomjua hata kwa sura, ni yeye.

Nasikia mzee mmoja anaguna pale mbele: kwa hiyo mwalimu unatuambia kushinda si kitu? Hapana, mzee wangu. Sisemi hivyo, na anayewaambia hivyo anawadanganya, mara nyingi kwa sababu yeye mwenyewe anafungwa. Kushinda kuna maana kwa sababu moja ya wazi ambayo makocha hawaisemi sebuleni. Kocha anayefungwa hufukuzwa. Akifukuzwa, ahadi zake zote zinaondoka naye kwenye gari lile zuri. Anakuja mtu mpya, mwenye vijana wake anaowataka, na mwanao anabaki kampasi na mgeni asiyemjua. Tangu 2018 kuna mfumo wa uhamisho ambao mchezaji huweka jina lake na vyuo vingine vikamwona. Ni mlango mzuri, lakini wanaoingia si wote wanaopata pa kutokea. Kwa hiyo ndiyo, tazameni ushindi. Utazameni kama mnavyoangalia kama mwenye nyumba ana hati ya kiwanja, kujua atakuwepo mwakani.

Na mambo yamebadilika sana. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina na sura zao katika matangazo. Mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kizima katika mwaka wa kwanza, na kikosi cha futiboli kisizidi wachezaji 105. Sina kinyongo na hilo. Vijana walifanya kazi bure muda mrefu huku wengine wakijenga majumba. Lakini tambueni kwamba 105 ni wengi, fedha zinakwenda kwa wachache, na NCAA yenyewe inasema kati ya wachezaji wa vyuo wanaofikia kuchaguliwa, hawafiki wawili katika mia wanaochukuliwa na NFL. Kocha anayekuja kwako anajua takwimu hiyo. Ukimwuliza juu ya wale tisini na wanane, tazama uso wake.

Akija basi, mpeni chai, mpeni na sambusa, kisha mwulizeni mambo yenye majibu. Ufadhili ni wa mwaka mmoja mmoja au wa miaka yote hadi ahitimu? Uwe kwenye maandishi. Mwanangu akivunjika mguu mwaka wa kwanza, nani analipa hospitali na nani analipa ada? Akipigwa kichwani, nani anaamua kama anarudi uwanjani, daktari au wewe? Akisema daktari, mwulize daktari huyo anaajiriwa na nani. Mwulize kijana anayetaka kusomea uhandisi au uuguzi anafanyaje maabara ya saa tisa ikigongana na mazoezi, na amtaje mchezaji wa sasa anayesoma hivyo.

Kuna namba moja nawaomba muijue, mimi mwalimu siwezi kuondoka bila namba. NCAA inavipa vyuo vya Daraja la Kwanza alama za maendeleo ya masomo. Kila muhula kila mchezaji mwenye ufadhili anapata pointi moja akibaki chuoni na pointi moja akifaulu masomo ya kutosha kuruhusiwa kucheza. Jumla kamili ni 1,000. Timu ikishuka chini ya wastani wa 930 kwa miaka minne inaweza kuzuiwa kucheza mechi za mwisho wa msimu. Alama hizo ziko wazi kwenye tovuti ya NCAA, kwa kila chuo na kila mchezo, na watoto wenu watawatafutia kwa dakika moja. Si kipimo kamili. Vyuo vinajua kuwaelekeza vijana kwenye masomo mepesi ili namba ipande. Lakini kocha ambaye haijui alama ya timu yake, huku anakumbuka matokeo ya mechi ya 2014 robo kwa robo, amekwisha kujieleza.

Swali la mwisho ni lile ambalo mimi huwauliza wao wenyewe wakija shuleni kwangu. Nitajie mchezaji wako wa miaka kumi iliyopita ambaye hakuwahi kuanza mechi hata moja. Anafanya kazi gani leo? Nimeona watu wakikohoa, wakaangalia simu. Nimeona pia kocha mmoja wa chuo kidogo, koti lake limechakaa mikono, akanitajia sita bila kupumua: mmoja zimamoto Dayton, mmoja mwalimu, mmoja jela na anamtembelea. Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya nimpe namba ya simu ya mzazi.

Nimemaliza, na harufu ya biriani imeshanishinda. Mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja habari ya 105. Tuanze na yeye, kisha nyie wazee wa Michigan mliojificha kule kwenye kona.